Kondakta Hakuhitaji Nia: Historia Fupi ya Mazoezi na Mazoea

Kila Oktoba, wanachama wapya wa chama chetu wakishapata vyumba na kufungua akaunti za benki, wengi wao hujiandikisha jimu ya chuo. Ikifika Desemba kadi iko ndani ya droo, na mwenye kadi ana maelezo tayari: mimi mvivu, sina nidhamu. Wenzake hawambishii. Huko nyumbani nako maelezo ni hayo hayo. Mzee akiambiwa na daktari kwamba sukari imepanda na inambidi atembee kila siku, kisha asitembee, sisi watoto tunaambiana kwenye simu kwamba hajali afya yake.

Maelezo hayo tumeyarithi, nayo yana historia. Katika miaka 130 iliyopita wanasaikolojia wamebadili mawazo yao zaidi ya mara moja kuhusu swali moja: mtu anayefanya mazoezi mwaka baada ya mwaka anawezaje? Je, ana nia kali kuliko sisi, au kuna jambo jingine linalombeba? Makala haya yanafuata safari ya swali hilo. Dai langu ni kwamba ushahidi umezidi kuelekea kwenye hilo jambo jingine, na kwamba linatugusa kwa namna ya pekee sisi tulioacha kwetu tukaja kuishi ugenini.

Mabasi ya London

Tuanze hapa hapa Uingereza, mwaka 1949. Vita vilikuwa vimekwisha, na madaktari waliona vifo vya mshtuko wa moyo vikiongezeka bila kujua sababu. Daktari Jeremy Morris alitaka kulinganisha watu wanaofanana karibu kwa kila kitu isipokuwa kazi wanayoifanya. Aliwapata kwenye mabasi ya ghorofa ya London. Kila basi lilikuwa na dereva na kondakta. Walitoka tabaka moja na walivuta moshi wa jiji lilelile. Lakini dereva alikaa kitini karibu asilimia 90 ya zamu yake, na kondakta alipanda vipandio kati ya 500 na 750 kwa siku akikusanya nauli juu na chini.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1953 katika jarida la *The Lancet*. Kati ya wanaume wapatao 31,000 wenye umri wa miaka 35 hadi 64, makondakta waliugua moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva, na walipougua, ugonjwa haukuwa mwepesi wa kuua. Wapo waliouliza kama pengine watu wanene ndio waliopenda udereva tangu mwanzo. Morris na wenzake wakaenda kwenye kumbukumbu za sare, wakapima viuno vya suruali. Mwaka 1956 walitoa jibu: ni kweli madereva walivaa suruali pana zaidi, lakini hata walipolinganishwa watu wa umbo moja, makondakta walikuwa na nafuu.

Utafiti huo hutajwa kama mwanzo wa elimu ya kisasa ya mazoezi na afya. Kwa swali letu, una somo la pili ambalo halitajwi sana. Hakuna kondakta aliyesimama chini ya ngazi akijiuliza kama leo ana hamu ya kupanda. Abiria alikuwa juu, nauli ilitakiwa, na ngazi ilikuwa pale. Mwendo ulikuwa ndani ya kazi, kama ulivyokuwa ndani ya kazi ya mkulima, mchukuzi na mama anayeteka maji. Baadaye mabasi yaliyoendeshwa na mtu mmoja yalimwondoa kondakta, na lifti na gari zikawaondolea wengine hatua zao. Mwendo ukageuka kuwa jambo la kuchagua baada ya saa za kazi, ukapewa jina lake: mazoezi. Hapo ndipo nia ilipoanza kudaiwa.

Mtaalamu aliyekuwa mgonjwa

Wazo kwamba nia ndiyo nguzo lilikuwepo kabla ya Morris. Mwaka 1890 William James, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha *The Principles of Psychology*, kitabu kilichomchukua miaka 12 kukiandika. Sura yake juu ya mazoea bado inasomwa. James alikuwa na sababu ya kulijali jambo hili, kwani ujana wake ulijaa maradhi na huzuni nzito, na mwaka 1870 aliandika katika shajara yake kwamba ameamua kuamini kwamba binadamu ana hiari ya kutenda.

James alishika mambo mawili kwa pamoja. Upande mmoja aliona kwamba sehemu kubwa ya maisha inaendeshwa na mazoea, na kwamba mtu asiye na mazoea, anayelazimika kuamua upya kila jambo dogo, ni mtu wa kuhurumiwa. Upande wa pili alishauri kwamba mazoea mapya yaanzishwe kwa nguvu zote, kwamba mtu asijiruhusu kuruka hata mara moja kabla hayajaota mizizi, na kwamba kila siku afanye jambo dogo gumu ili nia yake isilale. Waliomfuata hawakuyabeba mawazo yote mawili kwa uzito uleule. Kwa muda mrefu, ile habari ya nia ndiyo iliyosikika zaidi.

Watoto na peremende

Aliyeipa nia sura ya jaribio ni Walter Mischel, aliyezaliwa Vienna mwaka 1930 na kukimbilia Marekani na wazazi wake baada ya Wanazi kuingia Austria. Katika miaka ya 1950 alikuwa Trinidad, akiwapa watoto hiari: peremende ya senti moja leo, au ya senti kumi wiki ijayo. Baadaye, kwenye shule ya watoto wadogo ya Chuo Kikuu cha Stanford, alimweka mtoto mbele ya kitu kitamu na kumwambia kwamba akisubiri mpaka mtu mzima arudi atapata viwili. Mwaka 1990 yeye na wenzake waliripoti kwamba watoto waliosubiri zaidi walifanya vizuri zaidi katika mitihani ya kuingia chuo. Umma ukahitimisha kwamba watu huzaliwa na nia kali au nia legevu, na kwamba mengine yote, pamoja na afya ya mwili, yanafuata hapo.

Lakini Mischel mwenyewe alikuwa ameona jambo jingine. Mwaka 1970 yeye na Ebbe Ebbesen walionyesha kwamba vitu vitamu vikiwekwa mezani mbele ya macho, watoto walisubiri kwa wastani dakika moja hivi. Vilipofichwa, watoto wa shule ileile walisubiri zaidi ya dakika 11. Kilichobadilika kilikuwa meza.

Majaribio ya miaka ya karibuni yamezidi kuipunguza habari ya nia ya kuzaliwa nayo. Mwaka 2018 watafiti watatu wa Marekani walirudia hesabu kwa watoto zaidi ya 900. Uhusiano kati ya kusubiri na mafanikio ya baadaye ulikuwa mdogo kuliko ulivyodhaniwa, na hali ya familia ilipozingatiwa, theluthi mbili zake zilitoweka. Mwaka huohuo yalichapishwa matokeo kutoka Kamerun. Watoto wa miaka minne wa kabila la Nso waliahidiwa donati dogo la kukaanga, ndugu wa mandazi yetu. Karibu asilimia 70 yao walisubiri mpaka mwisho. Kwa watoto wa Kijerumani waliolinganishwa nao, waliosubiri hawakufika asilimia 30. Watafiti walilihusisha jambo hilo na malezi. Basi hata uwezo wa kusubiri, ambao tuliambiwa ni mali ya mtu binafsi, una nyumba na jamii nyuma yake.

Figili na biskuti

Mwaka 1998 Roy Baumeister na wenzake huko Ohio walikuja na nadharia iliyowapendeza wengi. Waliwaingiza wanafunzi wenye njaa katika chumba kinachonukia biskuti za chokoleti zilizotoka jikoni. Wengine waliruhusiwa kula biskuti, na wengine waliambiwa wale figili tu. Kisha wote walipewa mafumbo yasiyo na jibu. Waliokula figili walikata tamaa baada ya dakika nane hivi, na waliokula biskuti waliendelea hadi kama dakika 19. Maelezo yalikuwa kwamba nia ni kama mafuta kwenye tangi. Ukiitumia kukataa biskuti, inapungua kwa kazi inayofuata.

Nadharia hiyo ilieleza vizuri kwa nini mwanafunzi aliyeshinda maktaba anashindwa kwenda kukimbia jioni, na iliuza vitabu vingi. Kisha mwaka 2016 maabara 23 zilijaribu kuona kama tangi lipo, kwa jaribio la aina hiyo na washiriki zaidi ya 2,000. Tofauti waliyoipata ilikaribia sifuri. Wapo wanaoendelea kuitetea nadharia, lakini haisimami tena kama ilivyosimama.

Wakati tangi linabishaniwa, jambo jingine lilikuwa limeonekana, tena Baumeister akiwa miongoni mwa waliolitafiti. Mwaka 2012 ilichapishwa kazi iliyofanywa Würzburg, Ujerumani. Watu wazima zaidi ya 200 walibeba vifaa vilivyowaashiria mara kadhaa kwa siku waseme kama wana hamu ya kitu na kama wanajizuia. Ilitarajiwa kwamba wenye kujidhibiti sana ndio watakaoonekana wakipigana na hamu zao mara nyingi. Kumbe walipigana mara chache kuliko wengine. Tafiti nyingine, pamoja na za Brian Galla na Angela Duckworth mwaka 2015, zilitoa ufafanuzi: watu hao wanategemea mazoea. Tunapomwona mwenzetu anakimbia saa kumi na mbili asubuhi kwenye baridi, tunadhani ameshinda vita. Huenda hakukuwa na vita. Viatu viko mlangoni, mwenzake anamsubiri kona ileile, na miguu inaijua njia.

Siku 21, siku 66

Je, mazoea ya namna hiyo yanajengwa kwa muda gani? Wengi wetu tumesikia siku 21. Namba hiyo hufuatiliwa hadi kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji takriban siku 21 kuuzoea uso mpya. Hakuwa anazungumzia kukimbia.

Kipimo chenyewe kilifanyika London. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha UCL waliwafuata watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akiwa amejichagulia jambo dogo la kula, kunywa au mazoezi la kufanya kila siku baada ya tukio lilelile, kwa mfano baada ya kifungua kinywa. Matokeo yao yalichapishwa rasmi mwaka 2010. Mtu wa katikati alihitaji siku 66 hadi jambo lianze kujiendesha. Wa haraka alikadiriwa siku 18, wa polepole siku 254, na mazoezi ya mwili yalichelewa kuliko kunywa glasi ya maji. Jambo la kufurahisha ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kazi. Hapo James alikuwa mkali mno. Aliyekosa Jumanne akaacha kabisa kwa sababu "nimeshaharibu" anajiadhibu bure.

Tuliohama

Sasa tufike kwetu. Mwaka 2005 Wendy Wood, Leona Tam na Melissa Guerrero Witt walichapisha utafiti juu ya wanafunzi waliokuwa wakihama chuo kimoja kwenda kingine nchini Marekani. Waliwauliza kabla na baada ya kuhama kuhusu mazoezi, kusoma magazeti na kutazama televisheni. Waliopata mahali papya panapofanana na pa zamani waliendelea na mazoea yao. Mazingira yalipobadilika, mazoea yalikatika hata kama yalikuwa na nguvu, na mtu akabaki kuongozwa na makusudio yake tu. Mazoea yanakaa kati ya mtu na mahali pake. Ukimng'oa mtu, sehemu ya mazoea inabaki kule.

Aliyesoma shule Tanzania ana mfano wake wa karibu: mchakamchaka. Asubuhi kabla ya masomo, wanafunzi kwa mistari, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia, vumbi linapanda. Wengi wetu tulikimbia hivyo kwa miaka. Kwa hesabu ya siku 66, tulipaswa kuwa wakimbiaji wa kudumu. Lakini kengele, uwanja, wimbo na wenzetu wa mstarini vilibaki shuleni. Fimbo ya mwalimu wa zamu ilibaki pia, na jambo ulilolifanya kwa kuogopa fimbo huna sababu ya kuliendeleza ikiwa haipo.

Baada ya shule mwendo mwingine uliendelea bila kuitwa mazoezi. Tulitembea hadi kituo cha daladala au cha matatu, tukaenda sokoni, msikitini au kanisani kwa miguu, tukasalimia watu njiani, na jioni kulikuwa na mpira ufukweni au uwanja wa mtaa. Hapa, bweni liko dakika tatu kutoka ukumbi wa mihadhara, chakula kinaletwa mlangoni, na Desemba giza linaingia saa kumi jioni. Sisi ni makondakta waliohamishiwa kiti cha dereva, kisha tunajilaumu kwamba miguu imekuwa mizito.

Makusudio peke yake

Makusudio tunayo, na kuyaongeza hakusaidii sana. Mwaka 2002 Sarah Milne na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa na wanafunzi 248 hapa Uingereza. Kundi la kwanza liliachwa. La pili lilisoma habari za kutisha juu ya ugonjwa wa moyo na faida za mazoezi. La tatu lilisoma habari hizo hizo, kisha kila mmoja akaandika siku, saa na mahali atakapofanya mazoezi wiki ijayo, kwa kufuata nadharia ya Peter Gollwitzer wa Ujerumani. Waliofanya mazoezi walikuwa asilimia 38 katika kundi la kwanza, 35 katika la pili na 91 katika la tatu. Hofu ya ugonjwa iliongeza makusudio bila kuongeza vitendo. Tukumbuke hilo kabla ya kumpigia mzee simu na kumtisha tena.

Fedha nazo hazitoshi. Mwaka 2006 Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walionyesha kwamba wanachama wa jimu tatu za Marekani waliolipa zaidi ya dola 70 kwa mwezi walienda mara chache kiasi kwamba kila ziara iliwagharimu zaidi ya dola 17, wakati wangeweza kulipa dola 10 kila wanapokwenda.

Isije ikaonekana kwamba kupanga ni rahisi. Mwaka 2021 Katherine Milkman na wenzake walichapisha jaribio la watu 61,293, wanachama wa jimu huko Marekani, na mbinu zaidi ya 50 za wiki nne. Karibu nusu ya mbinu ziliongeza ziara, lakini zilizoacha alama baada ya wiki hizo zilikuwa asilimia 8 tu. Iliyofanya vizuri kuliko zote ilimpa mtu zawadi ndogo anaporudi baada ya kukosa siku.

Je, Kaptagat?

Msomaji kutoka Kenya atauliza: na Eliud Kipchoge je? Mtu aliyekimbia kilomita 42 huko Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 hana nia ya chuma? Anayo, bila shaka. Lakini tazama alivyoishi. Kwa miaka mingi, ingawa alikuwa na nyumba na familia Eldoret, siku za wiki alilala kambini Kaptagat na wenzake, chini ya kocha yuleyule, Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha ya Barcelona 1992. Alfajiri kundi linatoka pamoja. Kazi za usafi zinagawanywa kwa zamu, na bingwa wa Olimpiki anashika ufagio kama wengine. Mtu mwenye nia kuliko sote hakuiachia nia yake kazi yote.

Na watu wa kawaida wamelijua hilo bila maabara. Dar es Salaam, alfajiri za mwisho wa wiki, vikundi vya jogging vya mitaani vinapita barabarani kwa fulana za rangi moja na nyimbo, vijana na watu wazima pamoja. Ni mchakamchaka uliorudi bila fimbo. Mtu akikosa, wenzake wanauliza yuko wapi, na akirudi anapokewa.

Historia hii haisemi kwamba juhudi ya mtu ni bure. Inasema juhudi hiyo itumike mapema, kwenye kupanga mahali, saa na watu, badala ya kusubiri kupigana na kitanda kila asubuhi. Tena inatuonya tuwe waangalifu na lawama. Mama anayeishi kwenye barabara isiyo na njia ya miguu wala taa, au ndugu yetu anayefanya zamu za usiku katika nyumba ya wazee hapa Uingereza, ana mpango wa siku ambao hakuuchagua yote. Kumwita mvivu ni kumlaumu dereva wa basi kwa kutopanda ngazi.

Chama chetu huwapa wageni wa Oktoba karatasi yenye majina ya benki, maduka ya nyama halali na mahali pa kupata unga wa ugali. Ningependa mwaka huu iongezwe mstari mmoja: siku gani, saa ngapi, na kwenye lango gani tunakutana kwenda kutembea.